Rangi Imekataa Ukutani: Soma Dalili Kabla ya Kununua Ndoo Nyingine

Ukuta ukiharibika, lawama ya kwanza humwendea aliyechagua rangi, ya pili fundi, na ya tatu kampuni iliyotengeneza ndoo. Mara nyingi wote watatu wanaonewa. Kinachoharibu kazi ni mwanga wa chumba, maji yaliyomo ndani ya ukuta, au mng'ao uliochaguliwa bila kufikiriwa, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopona kwa kupigwa koti nyingine juu yake. Ndiyo maana naanza na kinachoonekana, kisha jaribio dogo la kutafuta chanzo, na dukani mwisho. Malalamiko nimeyaweka kama watu wenyewe wanavyoyasema. Ruka uende kwenye lako.

"Dukani ilikuwa krimu, sebuleni imegeuka njano"

Hili ndilo ninalolisikia zaidi, na vyanzo vyake vinaweza kukutana vyote katika chumba kimoja.

Anza na balbu, maana ndiyo ya bei ndogo kuliko vyote vitakavyotajwa hapa. Kwenye boksi lake pameandikwa namba inayoishia na herufi K. Balbu ya 2700K au 3000K hutoa mwanga wa manjano. Ya 4000K iko katikati. Ya 6500K, ambayo ndiyo imejaa madukani kwetu, hutoa mwanga mweupe unaoelekea ubuluu. Krimu ikimulikwa na 3000K huongezewa unjano ilio nao tayari. Kijivu kikimulikwa na 6500K hugeuka bluu ya wodini. Utazame ukuta saa sita mchana taa zikiwa zimezimwa, kisha saa mbili usiku zikiwa zinawaka. Kama mchana rangi ni ile uliyoipenda na usiku imebadilika, ukuta hauna kosa. Badili balbu zote za chumba kwa pamoja, ziwe za namba moja, ukae nazo siku mbili tatu kabla ya kumwita mtu yeyote mwenye brashi.

Kama mchana nao ukuta ni wa ajabu, chungulia dirishani uone kinachourushia mwanga. Ua wa udongo mwekundu hupandisha wekundu mpaka darini. Bati la bluu la jirani, jua likilipiga, hutupa ubuluu ndani kwako. Chumba kinachotazama mwembe mkubwa hupokea mwanga uliokwisha kupita kwenye majani, na nyeupe yake itakuwa na ukijani mpaka mwembe ukatwe, jambo ambalo silishauri hata kidogo. Dawa yake ni kuchagua nyeupe au krimu yenye chembe ya wekundu, ili ukijani uzimwe badala ya kuongezwa. Ndani nako utazame sakafu: vigae vya kahawia vinavyong'aa huchafua nusu ya chini ya ukuta, na watu hudhani fundi kachanganya ndoo mbili tofauti.

Halafu kuna udanganyifu wa kadi ya dukani. Kipande kidogo kilichozungukwa na karatasi nyeupe huonekana kimepoa. Rangi hiyohiyo ikikaa kwenye kuta nne, ukuta mmoja unaumulika mwenzake, na mwanga kila ukigonga unachukua rangi zaidi. Kwa hiyo chumbani rangi hukolea kuliko kwenye kadi, na rangi za njano, pinki na chungwa ndizo zinazokolea vibaya zaidi. Ukiipenda rangi kwenye kadi, nunua ile iliyo hatua moja juu yake, iliyopauka zaidi. Na usimhukumu fundi rangi ikiwa bado mbichi: rangi nyingi za maji huwa nyepesi zikiwa na maji na hukolea zikikauka.

Neno moja kuhusu ushauri wa magazeti ya mapambo kutoka Ulaya, ambao siku hizi unasambaa kwenye simu za kila mtu. Wao huambiana kwamba chumba kinachotazama kaskazini ni baridi na kinahitaji rangi za joto. Kwao ni kweli, kwa sababu jua lao la mchana hukaa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta: saa sita mchana ya mwezi Juni jua liko upande wa kaskazini, na Desemba limehamia kusini. Nairobi, iliyo karibu nyuzi 1 kusini, ni hivyohivyo. Hesabu yetu ni ya mashariki na magharibi. Chumba cha mashariki kina mwanga mkali asubuhi na hupoa baada ya adhuhuri. Cha magharibi huungua kuanzia saa tisa mpaka magharibi, na ukikipaka chungwa au njano, jioni utakaa ndani ya tanuri. Huko ndiko kijivu, kijani hafifu na samawati iliyopauka vinakostahili. Na kama mbele ya dirisha pana baraza yenye kina cha mita mbili, sahau dira kabisa. Chumba hicho kina kivuli siku nzima.

Jaribio la kumaliza ubishi: nunua kopo dogo, chukua ubao wa habodi au plaiwudi wa kama mita moja kwa nusu mita, upige koti mbili, uache ukingo mweupe pembeni. Usijaribu ukutani moja kwa moja, kwa sababu rangi ya zamani itakayoizunguka itakudanganya. Usimamishe ubao kila ukuta kwa zamu, asubuhi, mchana, na usiku taa zikiwaka. Ukuta wenye dirisha na ule unaolitazama dirisha havitakupa jibu moja.

"Chumba kimekuwa kizito, kama kimesinyaa"

Kampuni nyingi huandika kwenye orodha zao namba inayoonyesha kiasi cha mwanga ambacho rangi inaurudisha: 0 ni nyeusi kabisa, 100 ni nyeupe kabisa. Uliza namba hiyo kabla ya kuuliza jina la rangi. Kwa sebule yenye baraza ya kina, nondo dirishani na pazia zito, usishuke chini ya 60. Damu ya mzee, ambayo watu huipenda kwa ukuta wa televisheni, haifiki hata 15.

Sisemi rangi nzito ni haramu. Kosa huwa ni ukuta uliopewa. Ukiupaka ukuta wenye dirisha rangi ya giza, macho yanapambana na mwanga mkali katikati ya weusi, na chumba kizima kinaonekana cheusi kuliko kilivyo. Ukuta wa dirisha uwe mwepesi. Ule unaolitazama dirisha nao uwe mwepesi, kwa sababu ndio unaorudisha mwanga ndani. Rangi nzito ipewe ukuta wa ubavuni. Dari ibaki nyeupe isiyong'aa. Dari za jipsam zenye ngazi tatu na taa za bluu na zambarau hufanya kila rangi ya ukutani iwe kazi bure, na hapo sina dawa zaidi ya kuzima swichi.

"Ukuta unaonyesha mawimbi yote ya fundi"

Jioni jua linapoingia kwa ubavu, ukuta uliodhaniwa umenyooka huonekana una vilima, mikwaruzo ya msasa na alama za viraka. Siku zote utakuta ni silki (rangi yenye mng'ao wa wastani) au glosi (inayong'aa sana), na mara nyingi dirisha liko kwenye pembe ya ukuta au taa imewekwa darini karibu mno na ukuta.

Mng'ao hurudisha mwanga upande mmoja, kwa hiyo kila kibonde huonekana. Mati, yaani rangi isiyong'aa, huutawanya mwanga, na ubonde humezwa. Tatizo ni kwamba madukani silki husifiwa kwa neno moja, "inaoshika", na hivyo watu huipiga nyumba nzima mpaka darini. Ni kweli inaoshika. Lakini dari haiguswi na mtu, na ukuta wa juu ya kichwa cha kitanda hauhitaji kufutwa kila wiki. Mati nayo ina udhaifu wake: mikono ya watoto huiachia mafuta, na ukiisugua kwa kitambaa chenye maji, pale uliposugua hubaki na mng'ao usiofutika.

Ukitaka kuiokoa kazi iliyokwisha kupigwa, kwanza sogeza taa au uibadili ile inayomulika ukuta kwa ubavu. Kama haitoshi, sugua silki kwa msasa laini mpaka mng'ao ufe, futa vumbi, rekebisha mabonde kwa puti, piga praima (rangi ya kwanza ya kushikiza) kwenye viraka, kisha mati koti mbili. Kuongeza koti ya tatu ya silki ni kuyapigia mawimbi rangi ya kiatu.

Watu wa zamani walikuwa na jibu zuri ambalo tunalidharau kwa sababu linatukumbusha shule na zahanati: rangi ya mafuta nzito kutoka sakafuni mpaka kama mita moja na robo, halafu rangi ya maji nyepesi juu yake, na mstari katikati. Kwa korido, chumba cha watoto na ukuta wa meza ya chakula, sijaona mpango unaoushinda. Chini paoshwe, juu pafiche mawimbi. Ukitaka isifanane na darasa, tumia rangi moja pande zote mbili, tofauti iwe ya mng'ao peke yake, silki chini na mati juu. Mchana mstari hauonekani isipokuwa unautafuta. Jikoni na bafuni nusu glosi au silki inatosha, milango na fremu glosi.

"Imetoka mabaka, sehemu inang'aa na sehemu imefifia"

Mabaka yaliyofifia mahali palipozibwa nyufa ni puti iliyonyonya rangi kwa sababu haikupigwa praima. Ndilo kosa la kawaida kuliko yote na ndilo rahisi kulikwepa: kila kiraka kipigwe praima au rangi hiyohiyo iliyolegezwa kwa maji, kikauke, ndipo koti za ukuta mzima zianze. Michirizi ya wima inayolingana na upana wa rola ni rangi iliyokauka kabla fundi hajaunganisha. Feni ilikuwa inazunguka, au ukuta una jua, au mtu mmoja alikuwa akipiga pembe kwa brashi na rola peke yake. Watu wawili, mmoja kwenye pembe na mwingine nyuma yake kwa rola, feni imezimwa, na ukuta ukianzwa umalizwe bila mapumziko ya chai katikati.

Mabaka yanayobadilika ghafla kwenye kona ni ndoo mbili zisizofanana. Angalia namba ya toleo kwenye vifuniko. Hata rangi iliyochanganywa kwa mashine hutofautiana kidogo ndoo kwa ndoo, kwa hiyo ndoo zote za chumba kimoja zimiminwe kwenye chombo kikubwa na kukorogwa pamoja kabla ya kuanza.

Kuna na hali ambayo rangi inatoka unga ukiipitishia kiganja, ingawa ina wiki mbili tu. Hapo maji yalizidi. Maelekezo mengi huruhusu kulegeza koti ya kwanza kwa asilimia 10 hadi 20, na ya mwisho pungufu ya hapo; kuzidisha hakuna ruhusa. Lita moja ya rangi ya maji nzuri hufunika takribani mita 10 hadi 12 za mraba kwa koti moja kwenye ukuta laini, pungufu kwenye plasta inayonyonya. Ndoo ya lita 20 kwa koti mbili ni kama mita 100 za mraba za ukuta. Fundi akikwambia, "Bosi, ndoo moja imetosha nyumba nzima na imebaki," usifurahi haraka.

"Koti nne na bado haifuniki"

Ni njano kali, nyekundu au chungwa, sivyo? Chembe zinazotoa rangi hizo, hasa zile angavu, zina uwezo mdogo wa kuficha. Si lazima iwe rangi feki. Usiendelee kuongeza koti. Piga kwanza koti moja ya rangi ya chini inayoisaidia rangi hiyo: kijivu cha wastani chini ya nyekundu, krimu iliyokolea chini ya njano. Kisha mbili za juu zitatosha.

"Inavimba, inapukutika, unga mweupe unatoka"

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapozama. Mwenye nyumba anakwangua, anapiga puti, anapaka, na masika yajayo ukuta umevimba palepale. Rangi haina hatia. Maji yanatoka ndani ya ukuta na yanaisukuma.

Kwanza utenganishe unyevu wa ukuta na unyevu wa hewa ya chumbani. Kata kipande cha nailoni ngumu kama nusu mita kwa nusu mita, ukibandike ukutani kwa tepu pande zote nne pasipite hewa, ukiache siku nzima na usiku wake. Matone yakiwa upande wa ndani, unaogusa ukuta, maji yako ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni mvuke wa chumba, na dawa yake ni dirisha, wala si praima.

Pili, soma urefu. Uharibifu unaoanzia sakafuni na kukoma kwenye kama mita moja, ukifuata ukuta mzima, ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Juu ya msingi hapakuwekwa nailoni ya kuzuia unyevu, au ipo lakini udongo wa nje na plasta vimeiruka juu. Toka nje utazame: mara nyingi ua umepandishwa kwa kifusi au simenti mpaka umepita usawa wa sakafu ya ndani. Ukiushusha udongo huo na kuyaelekeza maji ya mvua mbali na ukuta, umemaliza nusu ya kazi bila kugusa rangi. Doa la juu karibu na dari ni bati au mfereji. La chini ya pembe za dirisha ni kizingiti kisicho na mteremko wa kutoa maji nje. La ukuta unaopakana na bafu, na halijali kiangazi wala masika, ni bomba.

Unga mweupe ni chumvi. Maji yanapotoka ukutani huja nayo, yenyewe hukauka na chumvi hubaki. Mwambao tatizo huzidi kwa sababu wapo wanaochanganya plasta kwa mchanga wa ufukweni. Chumvi iondoe kwa brashi kavu na ufagie unga wake nje. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani kusubiri siku yake. Chanzo cha maji kikishazibwa, uache ukuta upumue, wiki na hata miezi ikiwa ni mnene, ukiifagia chumvi kila inapotoka. Mahali ambapo chumvi imelowea, plasta ikatwe na ipigwe mpya.

Nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, zina kesi yake. Kuta hizo hazikujengwa kuzuia maji. Zilijengwa ziyanywe na kuyatoa. Plasta ya chokaa na rangi ya chokaa vina vinyweleo, unyevu hupita na kukauka. Mtu anapokuja na plasta ya simenti na rangi ya maji ya plastiki juu yake, amelifunga jasho la ukuta ndani. Miaka michache baadaye simenti inaachia kwa vipande vikubwa ikiondoka na jiwe. Kwa nyumba ya namna hiyo dawa ni kurudi nyuma: simenti itolewe, plasta iwe ya chokaa, rangi iwe ya chokaa, koti nyembamba nyingi badala ya mbili nzito, kila moja ikilowanishiwa ukuta kwanza. Uchaguzi wa rangi utapungua, kwa sababu chokaa ni kali na huziua rangi nyingi. Zile za udongo zinastahimili: njano ya udongo, nyekundu ya kutu, hudhurungi, na ukizichanganya kidogo ndani ya chokaa nyeupe zinatoa krimu na waridi hafifu ambazo hakuna kadi ya dukani inayozifikia. Kwa maoni yangu ndizo rangi nzuri kuliko zote katika mwambao wote.

Nyumba mpya nazo zina kosa lao, nalo ni haraka. Plasta ya simenti inahitaji angalau wiki 4 kabla ya rangi, na wakati wa masika zaidi. Ikiwa mbichi ina maji na ina ukali unaopausha baadhi ya rangi kwa mabaka, na ukiipiga rangi ya mafuta, ukali huo huigeuza kuwa kitu cha kunata kama sabuni. Kama sherehe iko jumamosi ijayo na lazima papakwe, piga koti moja nyembamba ya rangi ya maji, mati, nyeupe, ya bei ya kawaida, uache ukuta upumue kupitia hiyo. Rangi ya kweli ije baadaye juu ya praima inayostahimili ukali wa simenti.

"Inabanduka vipande vipande kama karatasi"

Kama nyuma ya kipande kilichobanduka pana unga, rangi ilipigwa juu ya chokaa ya zamani au vumbi la msasa. Bandika tepu ukutani, ikandamize, uivute ghafla: ikija na unga, ukuta haushiki kitu. Sugua, osha, uache ukauke, upige praima ya kugandisha unga. Kama nyuma ya kipande ni laini na panang'aa, chini yake kuna rangi ya mafuta ambayo haikukwaruzwa. Usipojua kilichoko ukutani, lowesha kitambaa kwa spiriti usugue: rangi ya maji italegea na kuchafua kitambaa, ya mafuta haitajali. Ya mafuta ikwaruzwe kwa msasa mpaka ife mng'ao, ipigwe andakoti (koti ya chini ya kushikiza), ndipo rangi ya maji ipande.

Kabla ya kukwangua rangi ya mafuta ya zamani, tahadhari. Nyingi za zamani, na hasa njano na nyekundu kali, zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani waliizuia kwa rangi za nyumba mwaka 1978, na kikomo kinachopendekezwa kimataifa sasa ni sehemu 90 katika milioni, lakini ukuta wa nyumba ya zamani haujui hayo. Usisugue kavu. Lowanisha, tumia msasa wa maji, vaa barakoa, watoto na mama mjamzito wasiwepo, na vumbi likusanywe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa.

"Bafuni kuna ukungu, na machozi ya kahawia yanatiririka"

Ni mambo mawili tofauti. Madoa meusi yanayorudi ni ukungu ulio hai, na kuupaka rangi juu ni kuulisha. Changanya jiki sehemu moja kwa maji sehemu tatu, paka, subiri robo saa, suuza, uache pakauke kabisa. Usichanganye jiki na siki wala sabuni yenye amonia, mvuke wake ni sumu. Kisha rangi ya bafuni yenye dawa ya ukungu, na dirisha lifunguliwe kila baada ya kuoga.

Machozi ya kahawia yanayonata kwenye rangi mpya siyo uchafu wala ukungu. Ni viungo vya sabuni vilivyomo ndani ya rangi yenyewe, vikitolewa na mvuke kabla rangi haijakomaa. Futa kwa maji ya uvuguvugu, mara moja au mbili, vitaisha. Ushauri ni kutooga maji ya moto humo kwa siku kadhaa, ikiwa nyumba ina bafu la pili.

"Milango meupe imekuwa ya njano"

Rangi nyeupe ya mafuta hugeuka njano, na inageuka haraka zaidi gizani: nyuma ya kabati, ndani ya mlango, nyuma ya picha. Hakuna anayeweza kuizuia. Ukitaka mlango ubaki mweupe tumia glosi ya maji. Ukilazimika kutumia ya mafuta, chagua krimu tangu mwanzo. Na anayelegeza ya mafuta kwa petroli badala ya tapentaini, kwa kuwa ni rahisi, anakupa mng'ao uliofifia pamoja na hatari ya moto ndani ya nyumba.

"Doa limerudi"

Masizi ya jikoni, pete ya kahawia ya maji yaliyovuja darini, wino wa mtoto. Rangi ya maji huviyeyusha na kuvipandisha juu, koti baada ya koti. Osha masizi kwa sabuni ya kutoa mafuta, hakikisha uvujaji umekwisha, piga andakoti ya mafuta kwenye doa peke yake, ikauke, kisha urudi kwenye rangi yako ya maji.

"Nimegusa kidogo tu na kiraka kinaonekana"

Kwenye mati mpya kiraka hufichika, hasa ukitumia kirola kidogo badala ya brashi na kupaka kidogo kuliko unavyotamani. Kwenye silki hakifichiki. Paka ukuta mzima kutoka kona hadi kona, na kuta nyingine uziache, jicho haliwezi kulinganisha vizuri kuvuka kona. Kama ukuta una miaka mitatu ya jua, hata rangi ya ndoo ileile haitafanana.

Kwa hiyo bakiza lita moja ya kila rangi. Ihamishie kwenye chombo kidogo kinachojaa, isibaki kwenye ndoo ya lita 20 yenye hewa tele juu yake, na uandike kwa kalamu ya wino mzito: chumba, namba ya rangi, namba ya toleo, mwezi na mwaka. Iwekwe mahali pa kivuli, si stoo ya bati inayochemka mchana. Siku ya kuitumia, fungua unuse kwanza. Rangi ya maji iliyoingiwa na bakteria hunuka kama yai viza, na ukiipaka harufu hiyo hubaki chumbani wiki nyingi. Usiimwage kwenye mfereji. Ichanganye na mchanga, uiache igande, ndipo uitupe.